Ya Kijani au ya Manjano

Siku hiyo M-Pesa yangu ilikuwa na shilingi 25,500. Elfu tisa zilikuwa zangu, malipo ya makala niliyoandika Januari na kulipwa Mei, baada ya kutuma imeili nyingi za "natumai uko salama". Zile zingine 16,500 zilikuwa za mamangu. Simu haijui tofauti hiyo. Inakuonyesha salio moja tu, na mtu akiwa na tamaa, salio moja ni mtego.

Kwenye simu hiyo hiyo kulikuwa na meseji mbili. Ya kwanza ilitoka kwa jamaa aliyekuwa anauza Ibanez Tube Screamer iliyotumika, ile ya kijani, kwa 17,000. Bei ya mwisho, tukutane Archives. Ya pili ilitoka kwa mwingine mwenye Boss SD-1, ya manjano, imechubuka rangi pembeni, 8,500. Ukipiga hesabu utaona shida yangu bila mimi kuongeza neno. Ya manjano ningeinunua kwa pesa zangu. Ya kijani ilihitaji za Mama.

Na mimi nilitaka ya kijani.

Wacha nieleze hiyo pesa ya Mama. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, nikisomea uhandisi wa umeme. Sikufukuzwa. Sikugombana na mtu. Nilianza kukosa darasa la saa mbili asubuhi, nikakosa na la saa nane, nikakosa mtihani mmoja, halafu karo ya muhula uliofuata ikakosekana, na nikashangaa vile niliskia nafuu. Mama nilimwambia nimeahirisha masomo. Kuahirisha ni neno tamu kwa sababu halina tarehe. Lilinibeba miaka miwili. Kila akipiga simu aliuliza, "Wamesema lini?" nami nikajibu, "Bado, Mama."

Mwezi wa nne akachoka kungoja. Akanitumia elfu ishirini na meseji: "Anza na hii ujisajili tena. Ingine nitatafuta." Mamangu anauza viazi na vitunguu sokoni Nakuru. Elfu ishirini kwake ni magunia mangapi, mimi najua. Nikamjibu, "Asante Mama, Mungu akubariki." Kufikia Mei nilikuwa nimekula 3,500 zake, kwa sababu landilodi hakubali neno kuahirisha. Mpiga gitaa ana kodi nyingi vidoleni, lakini kodi ya nyumba ni kitu kingine.

Sasa, mbona pedali?

Jumamosi usiku napiga na bendi ya watu wanne kwenye baa moja huku Eastlands. Jumapili napigia kanisa. Kama unapiga ala yoyote Nairobi unajua hiyo ratiba: usiku unalipwa na wenye dhambi, asubuhi unalipwa na waliookoka, na mara nyingi ni watu wale wale. Shida ni kwamba gitaa langu lilikuwa halisikiki. Besi ilikuwa imekalia chini, matoazi ya drama yamekalia juu, na mpiga kinanda wetu ana mikono miwili na hapendi kuacha nafasi. Nikiongeza volyumu, watu wa meza za mbele wanaziba masikio. Nikipunguza, napotea. Siku moja tukipakia vyombo, mpiga drama akaniuliza bila utani wowote, "Kwani leo ulikuja?"

Nilienda nyumbani nikiwa na hilo swali.

Hapa kwetu tumelelewa na gitaa safi. Benga ni gitaa linalokimbia, kila noti imesimama peke yake kama mwanafunzi gwarideni, na wanaoijua wanakwambia vidole vinafuata nyayo za nyatiti, yenye nyuzi zake nane. Rhumba nayo ni safi. Kwa hivyo ukiambia mzee wa benga unataka kununua kifaa cha kuchafua sauti, atakuangalia kama mtu anayenunua vumbi. Lakini uchafu huo nao una Waafrika wake. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi kama WITCH na Ngozi Family zikipiga gitaa lililojaa fazi, sauti kama ya nyuki waliokasirika, na leo muziki huo unaitwa Zamrock na unasikizwa dunia nzima.

Ovadraivu ni nini hasa? Amplifaya za zamani zilitumia vali, zile chupa za glasi zinazowaka kama balbu. Ukiipa vali sauti kubwa kuliko inavyoweza kubeba, haikatai. Inajaribu. Wimbi la sauti linapanda, linagonga dari, linakatwa kichwa. Hicho kichwa kilichokatwa ndicho unachosikia kama mkwaruzo, ule ukali kidogo kwenye sauti, kama mtu anayeongea baada ya kulia. Waliotengeneza amplifaya waliona ni kasoro. Wapiga gitaa wakaipenda. Mwaka wa 1964, kijana Mwingereza Dave Davies wa kundi la The Kinks alichana karatasi ya spika yake kwa wembe ili ipate huo mkwaruzo, na spika hiyo iliyochanwa ndiyo unayoisikia kwenye "You Really Got Me". Alikuwa tineja. Mimi nikifanya hivyo na spika ya kanisa sitarudi Jumapili inayofuata.

Pedali ya ovadraivu ni njia ya kupata kasoro hiyo bila kuharibu kitu. Ni kisanduku cha chuma sakafuni, unakikanyaga kiwake, unakikanyaga kizime. Ndani kuna chipu ndogo ya kukuza sauti na dayodi kadhaa. Wimbi likifika kama nusu volti na kitu hivi, dayodi zinafunguka na kulibana kichwa. Ni hivyo tu. Ya kijani inabana juu na chini sawasawa. Ya manjano ina dayodi moja upande mmoja na mbili upande wa pili, kwa hivyo inabana upande mmoja zaidi ya mwingine. Zote zina vifundo vitatu vya kuzungusha: kiasi cha uchafu, toni, na volyumu ya kutoka. Ya manjano ilianza kuuzwa 1981. Ya kijani, toleo la TS9, ikafuata mwaka mmoja baadaye.

Hiyo saketi niliijua. Hilo ndilo lililoniuma. Mwaka wa pili tuliijenga maabara, chipu ya aina hiyo hiyo, tukaangalia wimbi kwenye skrini ya osiloskopu. Langu lilikuwa limekatwa vichwa. Mwalimu akapita, akaangalia, akaandika sifuri kwa kalamu nyekundu kwa sababu wimbi lilitakiwa kutoka jinsi lilivyoingia, kubwa tu zaidi. Na alikuwa sawa. Swali lilikuwa hilo. Lakini mimi nilikaa nikiangalia hilo wimbi lenye kichwa bapa nikijiuliza linasikikaje, na hakuna mtu maabara aliyekuwa na spika.

Mara ya kwanza kuskia jibu kupitia gitaa langu mwenyewe ilikuwa aibu. Mpiga besi wetu alinikopea Tube Screamer ya rafiki yake kwa Jumapili moja. Kanisani hakuna amplifaya ya gitaa. Tunachomeka moja kwa moja kwenye mixa, kutoka hapo hadi zile spika kubwa za ukutani. Kwaya ikaanza, nikakanyaga. Sauti iliyotoka ilikuwa ya blenda yenye mawe. Mama mmoja wa safu ya pili aliangalia juu darini. Nikazima haraka, na mchungaji akasema "Amina" kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Nilikuja kuelewa baadaye. Spika ya gitaa si spika ya kawaida. Ni nzito, haiwezi kutoa sauti za juu sana, na kwa kutoweza huko inachuja ule ukali wa mkwaruzo ukatoka mtamu. Spika za kanisa zinatoa kila kitu, hadi mlio wa karatasi. Kwa hivyo kama unasoma hii na unataka pedali, swali la kwanza liwe: itaingia wapi? Kama jibu lako ni mixa, nunua kwanza kitu cha kuiga spika ya gitaa, au tafuta kaamplifaya kadogo ukawekee maikrofoni mbele. Pedali ya elfu kumi na saba ikiingia pasipo pake ni kelele ya elfu kumi na saba.

Unaweza kufikiri baada ya hapo niliacha kuitaka ya kijani. Wapi. Stevie Ray Vaughan alipiga na ya kijani. Kila mtu ninayemskiza alipiga na ya kijani. Na kuna watu wenye wazimu kuniliko: kuna pedali inaitwa Klon Centaur, iliyotengenezwa na Mmarekani mmoja kuanzia 1994, akaimwagia saketi gundi nyeusi ili watu wasiione ndani, na leo moja inauzwa maelfu ya dola. Mimi nikajiambia, kijana, wewe unataka ya shilingi tu. Hiyo ni adabu.

Jibu la kwa nini nilihitaji ovadraivu, hata hivyo, sikulipata kwa Vaughan. Nilikuwa nimelibeba tangu nikiwa fomu tatu.

Mama ana kipaza sauti sokoni, kile cha mdomo mpana kama tarumbeta, kinarekodi maneno na kuyarudia siku nzima. Mimi ndiye nilimrekodia wakati huo: "Viazi! Viazi vya Molo! Vitunguu, karibu mteja!" Kifaa chenyewe ni kibovu. Hakina besi hata kidogo, hakina sauti za juu, na betri ikianza kuisha maneno yanapasuka. Lakini ukishuka matatu, katikati ya makanga wanaoita abiria, wahubiri, na redio za wauza simu, unachosikia ni viazi vya Molo. Muuza nguo wa karibu alinunua spika kubwa ya kisasa yenye besi ya kutikisa tumbo, na ukitoka hatua ishirini humsikii.

Tube Screamer inafanya hivyo hivyo. Inapunguza sauti za chini, inapunguza za juu, inainua kilima katikati, karibu na herzi 720. Ukiipiga peke yako chumbani unaiona nyembamba, unauliza besi imeenda wapi. Ukiwa na bendi unaelewa. Chini kuna mwenyewe, juu kuna mwenyewe. Katikati ndiyo nafasi yako, na ovadraivu inakusukuma ukakae hapo bila kumpigia mtu kelele. SD-1 nayo ina kilima chake hapo hapo. Ni ndugu.

Kwa hivyo nikawaambia wauzaji wote wawili: kama mnataka pesa, njooni mazoezi Alhamisi. Pedali haijaribiwi Archives ukiwa umesimama na mkoba mbele. Huko unanunua rangi. Wa manjano alikuja mapema, akakaa kwa kreti ya soda akinywa chai yetu. Wa kijani alikuja na saa moja ya jam na hasira. "Buda, hii kitu haihitaji kujaribiwa, inajulikana."

Tulichukua gitaa langu mwenyewe, amplifaya yetu mwenyewe, na volyumu ile tunayopiga baa. Tukawasha kwa adapta yangu ya volti tisa, ile ya hasi katikati, kwa sababu adapta yoyote tu inaweza kukuchomea kitu cha mtu kabla hujakinunua. Vifundo vyote tukaviweka katikati kwanza. Halafu nikashusha uchafu karibu na sifuri na kupandisha volyumu ya kutoka, ili pedali isifanye kazi peke yake, isukume amplifaya. Halafu kipimo ninachokiamini kuliko vyote: unapunguza volyumu ya gitaa lenyewe kwa kidole kidogo, unapiga polepole. Pedali nzuri inakusafishia sauti. Inakuacha. Ukipiga kwa nguvu inarudi na ukali wake. Pedali mbaya haijali unapigaje, inatoa kelele ile ile, kama mtu anayejibu "poa" kwa kila swali.

Zote mbili zilifaulu.

Basi nikamwambia mpiga drama ageuke aangalie ukuta, nami nibadilishe bila yeye kujua. Raundi ya kwanza akachagua ya kijani. Raundi ya pili akachagua ya manjano. Raundi ya tatu akasema, "Si ni kitu kimoja?" Mwenye kijani akasema mpiga drama hajui muziki. Mpiga drama akasema yeye anachojua ni kwamba leo amenisikia.

Nitakuwa mkweli. Kwa masikio yangu ya kijani ilikuwa bora kidogo. Ilikuwa laini mahali ambapo ya manjano ilikuwa na kaukavu fulani. Hiyo kidogo ilikuwa ya shilingi 8,500. Na nilikuwa nimeshika simu tayari, nimeshafungua M-Pesa, nimeshajiandalia hotuba: nitarudisha, gigi tatu tu, Mama hatajua, chuo kwanza kinafungua Septemba.

Chuo kinafungua Septemba. Niliposikia hiyo sentensi kichwani nilijua nimeanza kujidanganya mimi mwenyewe, si yeye tena. Sikuwa narudi Septemba. Sikuwa narudi. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha mazoezi kilichobandikwa trei za mayai ukutani, nikichagua kati ya pedali mbili ambazo mtu akiangalia ukuta hawezi kuzitofautisha, na tofauti pekee ya kweli kati yazo ilikuwa pesa ya nani.

Nikanunua ya manjano. Nikabaki na mia tano zangu. Mwenye kijani akaondoka bila kuaga.

Usiku huo nikampigia Mama. Nilikuwa nimetumia siku nyingi kupanga maneno, lakini alipopokea nikasema tu, "Mama, chuo sirudi. Nilishaacha. Si kuahirisha." Akanyamaza. Nilisikia redio yake ya taarifa ya saa tatu. Halafu akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akanyamaza tena. Nikasema pesa zake ziko, nazirudisha sasa hivi, isipokuwa 3,500 nilizokula.

"Hiyo pesa si yangu," akasema. "Ni mkopo wa chama. Nalipa mia tano kila wiki."

Hilo sikujua. Niliketi kitandani. Pedali ilikuwa mezani, bado na vumbi la mwenyewe wa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu niione sikutaka kuiangalia.

"Na hizo zako umefanyia nini?" akauliza. Sikutarajia hilo swali. Nikamwambia nimenunua kitu cha gitaa. Akauliza kinafanya nini. Nikajaribu kumweleza vali na dayodi, akanikatiza. Basi nikamwambia, ni kama kile kipaza sauti chako. Kinapasua sauti kidogo ili isikike katikati ya watu.

"Hicho changu kimepasuka kabisa," akasema. "Kinasema 'iazi'. Kuja unirekodie ingine." Halafu, kabla sijashukuru: "Sijakusamehe. Nimesema ukuje urekodi."

Nilituma zile 16,500 usiku huo huo, na pesa ya kutolea. Jumamosi nikapiga na ya manjano. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuja. Baa haikusimama kushangilia. Mtu mmoja wa kaunta aligeuka nilipoingia solo, akaniangalia hadi mwisho, akarudi kwa kinywaji chake. Kwangu ilitosha. Na nikiwa wa mwisho kupakia, nikakumbuka kuchomoa waya kwenye pedali, kwa sababu ukiuacha ndani betri inaisha usiku ikiwa imekaa tu.

Jumatatu nilipanda matatu ya Nakuru. Tukarekodia kwa simu yangu, nyuma ya kibanda, kwa sababu maikrofoni ya kile kifaa ilishakufa. Mama alishika simu karibu na mdomo kabisa na kuita kwa nguvu zake zote. Kwenye skrini ule mstari wa sauti ulikuwa mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, vichwa vyote vimekatwa. Nikamwambia, "Mama, rudi nyuma kidogo, sauti inapasuka."

"Nikirudi nyuma nani atanisikia?"

Nikaiacha hivyo. Deni langu kwake limebaki elfu moja na mia tano. Namtumia Jumatatu, kabla ya kikao cha chama.